Tisheti za damu ya mzee: kisa cha biashara ya Mwanza iliyoendeshwa kutoka Uingereza

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha dada wawili wa Mwanza waliouza tisheti zenye michoro yao, mmoja akiwa masomoni Uingereza na mwingine akiwa nyumbani. Wote wawili wamekisoma na wameruhusu kitumike kufundishia. Majina, mtaa, shule ya mteja na mwaka nimeviondoa. Viwango vya fedha nimevibadilisha vyote kwa uwiano mmoja ili hesabu ibaki na maana yake. Mkubwa nitamwita mbunifu, mdogo nitamwita mdogo wake au mdogo mtu, na aliyechapa tisheti nitamwita fundi.

Vijana wengi wanaoniuliza kuhusu kuendesha biashara wakiwa nje huuliza programu gani ya kuchorea, njia gani ya kutuma fedha, namna gani ya kuweka picha mtandaoni. Hayo yana majibu mepesi. Kisa hiki nimekichagua kwa sababu kinagusa swali ambalo karibu hakuna anayeliuliza: mzigo ukiwa mbovu, nani pale Mwanza ana mamlaka ya kuukataa papo hapo?

Usuli

Mbunifu alianza kuuza tisheti akiwa mwanafunzi wa chuo hapahapa. Alichora kwenye simu, kisha kwenye kompyuta ya mtumba. Michoro yake ilitoka kwenye vitu ambavyo mtu wa hapa havihitaji maelezo: mawe yaliyopandana Capri Point, mitumbwi ya dagaa na taa zake usiku, sangara, salamu za Kisukuma, wacheza ngoma wa Bulabo. Wanafunzi walinunua moja moja. Fedha yenyewe ilikuwa kwenye oda za vikundi: kwaya, timu za mtaa, kamati za harusi, familia inayofanya kumbukumbu ya mzee wao, wahitimu wanaokutana baada ya miaka mingi. Kikundi kimoja cha watu mia kiliingiza kuliko miezi kadhaa ya kuuza moja moja chuoni.

Hakuwa na mashine. Kazi ilifanywa na fundi mwenye chumba katikati ya jiji, mtu wa makamo aliyejifunza kuchapa kwa skrini miaka mingi nyuma na ambaye pia ana hiti presi moja, mashine ya kubandika chapa kwa joto, kwa oda ndogo. Mapatano yao yalikuwa ya bei moja. Fundi ananunua tisheti pleni, yaani zisizo na chapa, anachapa, anakabidhi, analipwa shilingi 11,000 kwa kila moja. Mbunifu anauza 18,000. Kile kilichobaki, shilingi 7,000, kilikuwa chake pamoja na gharama zake zote ndogondogo.

Kuna jambo halikuandikwa popote katika mapatano hayo. Kila oda ilipokuwa inachapwa, mbunifu alikuwa anakaa pale kwa fundi. Aligusa kitambaa, alipima maandishi kutoka kwenye kola, alirudisha zilizochapwa upande. Hakujilipa kwa kazi hiyo na hakuihesabu kama kazi. Fundi naye hakuihesabu.

Alipopata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Uingereza, alimwomba mdogo wake, aliyekuwa anauza duka la steshenari, amshikie biashara. Mdogo mtu angepokea mzigo, angeusambaza, na malipo ya wateja yangeingia kwenye simu yake. Angepewa vocha na nauli. Michoro, bei, mazungumzo na wateja na maelekezo kwa fundi vilibaki kwa dada, kwa WhatsApp. Kwa nje ilionekana mpango mzuri, na kwa mapenzi yaliyopo kati yao hakuna aliyeona sababu ya kuandikishana.

Miezi ya kwanza

Majira ya baridi Uingereza iko nyuma yetu kwa saa tatu. Fundi akifungua saa tatu asubuhi, kwa mbunifu ni saa kumi na mbili alfajiri. Akifunga saa kumi na mbili jioni, kule ni saa tisa alasiri na mwanafunzi bado yuko darasani au maktaba. Jioni ambayo mbunifu alikuwa huru, Mwanza ilikuwa imelala. Saa tatu si nyingi, lakini zilikaa mahali pabaya: kila swali la mchana lilijibiwa usiku, na jibu lilifanyiwa kazi kesho yake.

Oda ndogo zilipita. Mbili zilikuwa na dosari. Ya kwanza ilikuwa ya ukubwa. Pleni nyingi zinazofika kwetu zimeshonwa kwa vipimo vidogo vya Asia, na mteja aliyezoea XL ya mtumba wa Ulaya alipewa XL isiyopita mabegani. Hilo lilitatuliwa kwa kuacha kuandika herufi peke yake na kuanza kupima kifua kwa sentimita.

Ya pili inastahili kuangaliwa vizuri. Mchoro ulikuwa na jina la mji kwa Kisukuma, Ng'wanza. Kompyuta ya fundi haikuwa na aina ile ya herufi, programu ikabadilisha maandishi yenyewe na ritifaa, ile alama ya juu baada ya Ng, ikapotea. Mdogo mtu alifika kuchukua mzigo, akakuta tisheti tatu zimeshachapwa na tisa bado ziko mezani. Aliona kosa. Alipiga picha, akamtumia dada yake, akasubiri. Fundi hakusubiri. Jibu la "mwambie asimamishe" lilipofika, zote kumi na mbili zilikuwa zimekauka.

Dada alirekebisha upande wake: tangu siku hiyo kila mchoro ulitumwa ukiwa na maandishi yaliyogeuzwa kuwa umbo, ili kompyuta yoyote iyaonyeshe yalivyo. Hatua sahihi. Lakini faili lilikuwa nusu tu ya tatizo. Mtu aliyekuwa amesimama mbele ya meza, ameliona kosa kwa macho yake, alihitaji ruhusa kutoka ng'ambo ili aseme neno, na hilo halikuzungumzwa.

Oda kubwa

Mwishoni mwa mwaka kikundi cha wahitimu wa sekondari moja ya Kanda ya Ziwa kiliagiza tisheti 140 kwa ajili ya mkutano wao. Walitaka rangi ya sare yao ya zamani, damu ya mzee, na maandishi makubwa meupe mgongoni. Jumla ilikuwa shilingi 2,520,000. Walilipa nusu, 1,260,000, na nusu ingelipwa siku ya kukabidhiwa. Mwenyekiti wao alisisitiza kitambaa cha pamba, maana mkutano ungefanyika nje, juani.

Mbunifu alimtumia fundi ujumbe wa sauti: anataka "zile nzuri kama za siku zote", rangi ya damu ya mzee, zifike kabla ya Jumamosi. Hayo ndiyo maelekezo yote. Neno pamba halikutajwa, kwa kuwa "za siku zote" zilikuwa za pamba.

Fundi alizunguka mjini. Pamba tupu ya rangi hiyo, kwa idadi hiyo na kwa bei ambayo ingemwachia chochote katika zile 11,000, hakuipata. Alipata mchanganyiko wa pamba na poliesta, mwepesi zaidi, bei nafuu. Akanunua, akachapa kwa wino wa plastisol, yaani wino wa plastiki unaokomazwa kwa joto, kama kawaida, akapitisha kwenye joto kama kawaida.

Jumatano mdogo mtu alikwenda kuchukua mzigo. Maneno yake nayaweka kama alivyoyasema: "Niliona nyepesi, zinateleza mkononi. Nikajua dada na fundi wameshaongea. Mtu mzima, nimemwamkia shikamoo, nitaanzaje kumuuliza kazi yake?" Maandishi yalikuwa meupe pe. Alizipanga kwenye mifuko, akapanda daladala.

Ijumaa asubuhi alifungua mifuko ili agawe kwa ukubwa. Maandishi yalikuwa ya waridi.

Kilichotokea kina maelezo ya kitaalamu ambayo kila anayechapa nguo angefaa kuyajua. Wino wa plastisol unahitaji kufikia takriban nyuzi joto 160 za Selsiasi ili ukomae. Rangi inayotiwa kwenye poliesta, tofauti na ile ya pamba, hugeuka mvuke kwenye joto la namna hiyo, hutoka kwenye uzi na kupanda ndani ya wino uliokaa juu yake. Nyekundu na damu ya mzee ndizo zinazosumbua zaidi. Na haitokei mara moja. Tisheti inaweza kutoka kwenye joto ikiwa safi, rangi ikaendelea kupanda kwa saa nyingi au hata siku. Dawa zipo: pamba tupu, wino unaokomaa kwa joto la chini, au tabaka la wino maalumu wa kijivu chini ya nyeupe ili kuzuia rangi isipande. Fundi hakuwa na hata kimoja kati ya viwili vya mwisho, na kwa miaka yake yote ya kuchapa pamba hakuwa amevihitaji.

Maamuzi ya Ijumaa

Mbunifu aliamka akakuta picha. Safari hii alipiga simu badala ya kuandika, akakosa darasa, na kwa saa chache wale watatu wakawa pamoja kwenye simu moja.

Kuchapa upya haikuwezekana. Pleni za pamba za rangi ile zingetoka Kariakoo kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100, na mkutano ulikuwa kesho asubuhi. Kutumia nyeusi ambazo zilikuwapo mjini mwenyekiti alikataa, kwa sababu rangi ya shule ndiyo iliyowakutanisha. Kurudisha fedha zote na kuchukua tisheti kungewaacha watu 140 bila sare siku ya mkutano.

Mbunifu aliamua kumwambia mwenyekiti ukweli wote kabla hajaziona, pamoja na kwamba kitambaa si pamba tupu, kisha akafuta ile nusu iliyobaki. Kikundi kilivaa. Gharama ya fundi ilikuwa shilingi 1,540,000 na kilichokuwa kimeingia ni 1,260,000, hivyo hasara ya wazi ilikuwa 280,000, bila kuhesabu usafiri na faida iliyotarajiwa.

Uamuzi wa pili ulikuwa juu ya fundi. Alikuwa anadai salio lake. Ndugu walisema asilipwe. Mbunifu alimlipa yote, akitoa kwenye akiba yake ya kujikimu, kwa hoja kwamba hakuna mahali alipomwambia pamba, na hawezi kumdai mtu kosa ambalo hakuliandika. Nimewasikia wafanyabiashara wakimwita mjinga kwa hilo. Mimi nakubaliana naye, na nitaeleza kwa nini chini.

Visa ya mwanafunzi

Ili kufidia, mbunifu alipanga kuuza michoro yake kwa Watanzania walioko Uingereza kupitia kampuni zinazochapa tisheti moja moja mteja anapoagiza. Kabla ya kufungua duka hilo mtandaoni alikwenda kwa mshauri wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Alidhani anakwenda kuuliza kuhusu kodi.

Alielezwa kwamba visa ya mwanafunzi ya Uingereza inaruhusu ajira kwa kikomo, kwa ngazi yake saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini hairuhusu kujiajiri wala kuendesha biashara. Na jibu lililomshtua ni kwamba kinachoangaliwa ni kazi anayoifanya akiwa ndani ya Uingereza, hata kama mteja na fedha viko Mwanza. Zile jioni za kupanga bei na kumwelekeza fundi kwa WhatsApp zilikuwa upande mbaya wa mstari.

Nasimulia alichofanya yeye. Mwenye visa ya nchi nyingine au ya aina nyingine ana masharti yake, na pa kuyauliza ni kwa mshauri wa chuo au mwanasheria wa uhamiaji, kabla ya kuuza tisheti ya kwanza. Nawaona wengi wanaoondoka hapa na biashara zao mfukoni bila kujua kwamba swali hili lipo, na kinachowekwa rehani hapo ni masomo yenyewe.

Aliacha siku hiyohiyo. Familia ikakaa kikao. Mjomba alitaka biashara ifungwe mpaka mwenyewe arudi, akiamini mdogo mtu ataimaliza. Shangazi akasema kama biashara haina mwenyewe Mwanza basi ipewe mwenyewe Mwanza. Ndivyo ilivyoamuliwa. Mbunifu alikabidhi michoro yote aliyokuwa ameikamilisha kabla ya kusafiri, na mdogo wake akawa mmiliki kweli, kwa karatasi: jina la biashara lililosajiliwa BRELA kwa namba yake ya kitambulisho cha NIDA, TIN ya TRA, leseni ya jiji, na lipa namba ya biashara isiyochanganyika na simu yake binafsi. Mbunifu alijiondoa kwenye kundi la WhatsApp la oda. Alibaki dada wa kujuliana hali.

Miezi ya kimya

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki.

Wiki za mwanzo mdogo mtu alipokea oda ndogo tu, za watu anaowajua. Alikuwa anaogopa. Lakini hakukuwa tena na mtu wa kumtumia picha na kusubiri, na baada ya muda alianza kufanya mambo ambayo dada yake hakuwahi kuyafikiria, kwa sababu dada alikuwa na jicho la mchoraji na yeye alikuwa na jicho la muuza duka.

Kwanza alikwenda kwa fundi na kuomba afundishwe. Hakwenda kugomba. Alikaa kwenye benchi siku nyingi, akauliza kila hatua, na fundi, ambaye aibu ya ile oda ilikuwa bado inamkaa, alimfundisha kwa moyo. Hapo ndipo hesabu ya zile 11,000 ilipofunguka. Pleni nzuri ya pamba, ya gramu 180 kwa mita ya mraba, ilikuwa inamgharimu fundi karibu 8,500. Zilizobaki 2,500 zilitakiwa zilipe wino, dawa ya skrini, umeme, pango, kijana wake wa kusaidia na yeye mwenyewe. Kwa oda ya rangi moja aliweza. Kwa oda ngumu, mahali pekee pa kupata riziki palikuwa kwenye kitambaa.

Mdogo mtu akagawa bei. Pleni atanunua mwenyewe na kuzileta. Fundi atalipwa 4,000 kwa kuchapa peke yake, na oda ya zaidi ya rangi mbili itaongezwa. Fundi alikubali haraka kuliko alivyotarajia. Pleni kwa 8,500, kuchapa 4,000, usafiri na mifuko 500: jumla 13,000. Bei kwa mteja aliipandisha hadi 20,000, na ingawa wapo walioondoka, vikundi vilivyokwisha kuchoka na tisheti za kupauka vilibaki.

Kununua mwenyewe kulimlazimu ajue anachonunua. Alianza kuagiza Kariakoo kupitia mtu anayefunga mizigo kwa mabasi ya Mwanza, na kila bunda likifika alichomoa nyuzi chache kwenye upindo wa tisheti moja akaziwasha kiberiti. Uzi wa pamba huwaka bila kuyeyuka, hunukia karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mchanganyiko huonyesha yote mawili. Uzito aliupima kwa mizani ya duka: tisheti kumi za L kwa pamoja, akilinganisha na kumi za bunda analoliamini.

Nikitazama mabunda hayo yakishushwa stendi, huwa naumia kidogo. Mwanza, Shinyanga na Simiyu ndiyo nchi ya pamba. Watoto wa hapa wamesomeshwa kwa pamba, na timu ya mpira ya jiji inaitwa Pamba. Lakini pamba yetu nyingi huondoka nchini ikiwa nyuzi ambazo hazijasokotwa, na tisheti ya pamba hurudi ikitokea bandarini Dar es Salaam. Biashara ndogo ya tisheti haiwezi kurekebisha hilo, ila inalilipia nauli kila wiki.

Jambo la pili lilikuwa sampuli. Hakuna oda ya kikundi inayoanza kabla ya tisheti moja kuchapwa kamili, kulala siku tatu, kufuliwa, kuanikwa na kuvutwa. Wino usiokomaa hupasuka ukivuta maandishi kwa mikono miwili. Rangi inayopanda mara nyingi huonekana ndani ya siku hizo tatu. Kisha mteja anaiona, anaisaini kwenye lebo, na sampuli inabaki dukani mpaka mzigo ukabidhiwe.

La tatu ni kaunta buku. Ukurasa mmoja kwa kila oda: kitambaa, uzito, rangi, wino, vipimo vya kifua, maandishi yameshuka sentimita ngapi kutoka kwenye kola, tarehe, aliyepokea. Mteja anasaini, fundi anasaini. Malipo ya awali yalipanda kutoka nusu hadi asilimia 70, kwa hesabu rahisi kwamba 14,000 kati ya 20,000 inafunika gharama yote ya 13,000. Oda ikiharibika, hasara haitoki mfukoni kwa mtu.

Na la nne, alijifunza kukataa. Kijana mmoja alitaka tisheti mia zenye nembo ya klabu kubwa ya soka. Alimkataa, kwa kuwa nembo ina mwenyewe aliyeisajili. Alikataa pia nembo ya taifa, ambayo ina sheria yake na haichapwi kwa biashara bila kibali. Na siku moja alimrudishia fundi tisheti 22 zilizochapwa zimepinda. Aliniambia mikono ilikuwa inatetemeka. Alianza na shikamoo, akauliza habari za nyumbani, kisha akamfungulia kaunta buku kwenye saini yake. Fundi aliangalia, akapima kwa rula, akasema, "Binti, hizi ni zangu," akazichukua.

Matokeo

Mbunifu alimaliza masomo na kupata visa ya wahitimu, ambayo inaruhusu kujiajiri. Alirudi kwenye biashara, safari hii kama mbunifu anayelipwa: shilingi 1,500 kwa kila tisheti inayouzwa yenye mchoro wake mpya. Bei, oda na fundi viko kwa mdogo wake. Mdogo mtu aliacha kazi ya steshenari, amepanga chumba cha duka, na anajilipa mshahara uleule kila mwezi, hata mwezi mzuri. Oda moja moja za wanafunzi zimepungua. Za vikundi zimeongezeka, ingawa wale wahitimu wa mwanzo hawakurudi.

Uchambuzi

Naanza na kilichoharibu, na sidhani kilikuwa umbali. Ng'wanza bila ritifaa na damu ya mzee yenye waridi ni tukio lilelile mara mbili. Mara zote mbili mtu alikuwa pale, na mara zote mbili jicho lake lilikuwa sahihi. Mara ya kwanza aliona akasubiri ruhusa. Mara ya pili aliona akanyamaza, kwa sababu mara ya kwanza ilikuwa imemfundisha kwamba kuona si kazi yake. Anayelipwa vocha na nauli ni mbebaji, na mbebaji hafungui mifuko. Mbunifu alipoondoka aliacha nyuma wateja, michoro na fundi, lakini ile kazi ya kukaa kwenye benchi na kugusa kitambaa aliondoka nayo bila kujua, kwa kuwa haikuwahi kuwa na jina wala malipo.

Heshima ya umri ilichangia, na hapa natofautiana na wakufunzi wanaowaambia vijana waiache mlangoni. Mdogo mtu hakuiacha. Kilichombadilisha kilikuwa karatasi. Akiwa na ukurasa uliosainiwa, hakuwa msichana anayemsahihisha mtu mzima. Wote wawili walikuwa wanasoma walichokubaliana. Shikamoo ilibaki na tisheti 22 zilirudi.

Kuhusu fundi, wasikilizaji wangu wengi humhukumu haraka. Alipaswa kusema kwamba kitambaa kimebadilika, na kunyamaza kwake ni kosa lake, sitalifuta. Lakini bei ya jumla ya 11,000 ilikuwa inamlipa kwa kutafuta kitambaa cha rahisi. Ukimlipa mtu kwa namna hiyo miaka mingi, siku moja atakipata. Kugawa bei ya pleni na bei ya kuchapa kuliondoa kishawishi hicho kwa shilingi 1,500 tu zaidi kwa tisheti (12,500 badala ya 11,000), na nadhani ndio uamuzi bora wa kibiashara katika kisa kizima. Ndiyo sababu naunga mkono pia kulipwa kwa salio lake. Asingelipwa, mdogo mtu asingepata benchi la kukaa wala mwalimu. Ambacho mbunifu hakufanya Ijumaa ile ni kulipa na papo hapo kubadilisha masharti. Alilipa, akaendelea na ujumbe wa sauti, na kama visa isingemsimamisha naamini oda kubwa ya pili ingeharibika kwa njia nyingine.

Kusema ukweli kwa mwenyekiti kabla ya kukabidhi kulifanya kazi kwa kiasi. Kulizuia ugomvi na maneno mjini. Hakukurudisha mteja, na anayefundisha kwamba ukweli hurudisha mteja daima anaahidi asichokimiliki.

Mageuzi yaliyoiokoa biashara hayakupangwa. Yalilazimishwa na sheria ya nchi nyingine, na nisingependa msomaji asubiri kulazimishwa hivyo. Lolote kati ya yale aliyofanya mdogo mtu, kuanzia kiberiti hadi kaunta buku, lingeweza kuanza siku dada anafunga mizigo ya safari, kama angempa biashara badala ya kumshikisha.

Yapo ambayo bado hayajakaa sawa. Wanamtegemea fundi mmoja, na akiugua hawana wa pili aliyejaribiwa kwa sampuli. Na kuna suala la michoro ya zamani. Ilikabidhiwa kwenye kikao cha familia bila maandishi, bado inauzwa, na mbunifu hapati kitu kwa hiyo. Anataka kuitumia Uingereza sasa kwa kuwa visa inamruhusu. Mdogo wake anasema ilikuwa sehemu ya biashara aliyopewa. Hawajagombana, lakini kila mmoja amenieleza peke yake. Nimewashauri waandike orodha ya kila mchoro, tarehe ulipochorwa, nani anaweza kuuza wapi na kwa mgawo gani, wasaini mbele ya shangazi, kabla mteja mkubwa hajatokea upande wowote. Mpaka naandika hivi, orodha imefika kwenye mchoro wa tisa.